Kusimamia usalama, afya na mazingira kwenye kampuni kubwa: mwongozo kutoka mabwawa ya chumvi ya Malindi

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini, ukavuka Mto Sabaki na kuiacha Mambrui nyuma, utafika Gongoni. Kuanzia hapo kuelekea Marereni na Kurawa, upande wa bahari umetandazwa mabwawa ya chumvi, meupe mpaka jicho linauma. Huko ndiko nilikojifunza kazi hii. Nilianza nikiwa kibarua wa kupakia, nikawa karani wa stoo, kisha nikapewa idara ya usalama, afya na mazingira. Mwongozo huu ni wa yule anayekabidhiwa idara kama hiyo kwenye kampuni ya mamia ya watu, iwe ya chumvi, hoteli kubwa ya ufuoni au bandari kule Lamu. Mifano yangu ni ya chumvi kwa kuwa ndiyo niliyoishika kwa mikono.

Hatua ya kwanza: tembea kabla hujaandika

Siku ya kwanza utapewa faili. Liweke kwenye droo. Chukua wiki mbili uzunguke kila mahali kazi inapofanyika, na uzunguke saa zote: alfajiri, saa saba mchana jua likiwa utosini, na usiku wa bamvua. Bamvua naitaja makusudi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa ya kwanza bahari inapojaa sana, na kujaa huko hakufuati saa za ofisi. Mimi nilienda usiku mmoja nikamkuta mzee mmoja, peke yake, amesimama juu ya ubao wenye utelezi kando ya mlango wa maji, tochi ameiuma kwa meno, anatoa majani na matawi yaliyoziba kichujio cha pampu. Chini yake maji yanakwenda kasi. Kwenye faili lote hakukuwa na mstari hata mmoja uliomtaja mzee huyo. Leo kazi hiyo hufanywa na watu wawili, pana reli ya kushikilia, taa na jaketi la kuelea kwa kila mmoja.

Unapozunguka, hesabu watu kwa macho yako. Halafu linganisha na orodha ya malipo. Wakati wa mavuno, kwenye kiangazi cha kaskazi, walio ndani ya mabwawa wengi ni vibarua, na baadhi yao wameletwa na mkandarasi, hawamo kwenye orodha ya kampuni kabisa. Kama hujui wako wangapi, siku ya dharura utamhesabu nani pale mahali pa kukusanyikia?

Hatua ya pili: jua sheria inataka nini

Hapa sitakaa sana, maana sheria zinasomeka. Ya msingi hapa Kenya ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inahusu kila mahali pa kazi ambapo mtu yeyote anafanya kazi, awe wa muda au wa kudumu. Kwa hiyo yule kibarua wa siku moja yumo. Mahali pa kazi pasajiliwe na kurugenzi ya serikali inayosimamia usalama na afya kazini, ambayo wengi tunaiita DOSHS. Kampuni iwe na sera iliyoandikwa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, wajumbe wa menejimenti na wa wafanyakazi wakiwa sawa kwa idadi, na ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Ukaguzi wa usalama ufanywe kila miezi 12 na mkaguzi aliyeidhinishwa. Ukaguzi wa moto nao ni wa kila mwaka, pamoja na zoezi la kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Kelele zisizidi desibeli 90 kwa saa nane, na kwenye chumba cha jenereta na kisagio cha chumvi utazifikia haraka sana, kwa hiyo pima.

Sambamba na hiyo kuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, ambayo watu huiita WIBA. Hiyo inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Upande wa mazingira, sheria mama ni ile ya 1999, msimamizi wake ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira: tathmini ya athari kabla ya kuanza mradi, ukaguzi wa mazingira kila mwaka, na leseni ya kumwaga maji machafu.

Wakubwa wakitaka cheti cha kimataifa, ISO 45001 ni ya usalama na afya, ISO 14001 ni ya mazingira. Zote mbili zimepangwa kwa muundo mmoja, hivyo tengeneza mfumo mmoja wa kuzihudumia. Usiunde ofisi mbili zenye mafaili yanayopingana.

Hatua ya tatu: orodhesha hatari, kisha uulize kwa nini ipo

Kila mtu atakufundisha kujaza jedwali la tathmini ya hatari: hatari gani, inaweza kumdhuru nani, kwa ukubwa gani, uwezekano gani. Lijaze, ni chombo kizuri. Lakini jedwali halitakuambia kwa nini watu wenye akili timamu wanafanya jambo la hatari kila siku. Hilo lilinifundisha konveya.

Tulikuwa na konveya inayopandisha chumvi kutoka kwenye mashine ya kuoshea. Asubuhi moja kijana kibarua alinyoosha mkono kukwangua chumvi iliyoganda kwenye puli ya mwisho huku mkanda unazunguka. Puli ikashika glavu, glavu ikavuta mkono. Alipoteza ncha za vidole viwili. Ripoti ya kwanza iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa na mistari mitatu, na sababu iliyoandikwa ni uzembe wa mfanyakazi.

Nilikwenda pale na fundi. Nikamuuliza kava ya ile puli iko wapi. Akanionyesha: imeegemezwa ukutani, imeota kutu, buibui ameshajenga nyuma yake.

"Bolti nane hizi," akaniambia, "zote zimeliwa na chumvi. Kuifungua nusu saa, kuifunga nusu saa. Na grisi yatakiwa kila siku. Hebu niambie wewe, bwana, saa hiyo nitaitoa wapi na wao wataka tani zao?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa kanuni moja na malengo ya tani, na viwili hivyo havikuweza kukaa pamoja kwa sababu ya kutu. Tukabadilisha kava. Ile mpya ni ya wavu, unaiona puli bila kuifungua. Ina bawaba na pini mbili zisizoshika kutu. Nipeli, yaani kichwa cha kupitishia grisi, tukaitoa nje kwa mrija mdogo, hivyo kupaka grisi hakuhitaji tena kugusa kava. Halafu tukafunga kikwangulio kwenye mkanda wenyewe, ile chumvi ikaacha kuganda pale. Kazi iliyomkata kijana vidole haipo tena. Tangu siku hiyo sijaikuta kava ile imeegemezwa ukutani.

Huo ndio mpangilio wa kudhibiti hatari utakaoukuta kwenye kila kitabu cha taaluma hii. Kwanza iondoe hatari yenyewe. Ukishindwa, badilisha kwa kitu chenye madhara madogo. Kisha itenge na mtu kwa ufundi, kama kava. Kisha weka utaratibu, mafunzo na mabango. Mwisho kabisa, vifaa vya kujikinga. Kampuni nyingi huanza na huo mwisho kwa kuwa ni rahisi kununua. Kumbuka glavu ya yule kijana: sisi tuliihesabu kuwa kinga, na ndiyo iliyomvuta.

Pamoja na kava, weka kufuli. Kila fundi awe na kufuli lake na ufunguo mmoja tu, unaokaa mfukoni mwake. Kabla hajaingiza mkono kwenye mashine, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake, anatundika lebo yenye jina lake, halafu anajaribu kuiwasha ahakikishe haiwaki. Wakiwa mafundi watatu, makufuli ni matatu. Ufunguo wa akiba ukikaa kwa msimamizi wa zamu, kufuli hilo halimlindi mtu.

Mambo mawili madogo ya chumvi ambayo wageni huyasahau. Hewa yetu hula nyaya na masanduku ya umeme, kwa hiyo kagua waya wa ardhini (earth) na vikata umeme mara nyingi kuliko unavyoelekezwa na mtengenezaji. Na madini ya joto tunayochanganya na chumvi, potasiamu iodeti, hukoleza moto. Yasiwekwe chumba kimoja na dizeli, mafuta ya mashine wala magunia matupu.

Hatua ya nne: joto, maji na ngozi

Hii ndiyo hatari yetu kubwa, na ndiyo inayodharauliwa, kwa kuwa sote tumezaliwa nayo. "Jua la kwetu tumelizoea," utaambiwa. Kweli mwili huzoea, lakini huzoea polepole, na ukikaa nyumbani wiki chache unaanza kusahau. Kibarua mpya asipewe kazi ya siku nzima bwawani. Mwanzishe kwa sehemu ya tano ya kazi siku ya kwanza, umwongezee kiasi hicho kila siku. Anayerudi baada ya ugonjwa au likizo ndefu naye apandishwe kidogokidogo.

Maji ya kunywa yawe karibu, yasiwe stoo. Mtu anayefanya kazi ngumu juani anahitaji kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, kabla hajasikia kiu. Kama dumu liko mita mia nne, na analipwa kwa kipande, hatalifuata. Sisi tulitengeneza toroli la maji linalotembea na kundi, na kivuli cha turubai chenye magurudumu kinachosogezwa kadiri mavuno yanavyosogea. Gharama yake haikufika bei ya tairi moja la trekta.

Ratiba nayo ni kinga. Anza saa kumi na mbili asubuhi, pumzisha kazi nzito kuanzia saa tano, rudi saa tisa alasiri. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu huku wamefunga, na hapo kikombe cha maji hakisaidii mchana. Panga kazi nzito zikamilike mapema asubuhi, au uziweke usiku baada ya tarawehe kama taa zinatosha. Zungumza na wafungaji wenyewe kabla mwezi haujaandama. Usisubiri mtu aanguke.

Wafundishe wote, mpaka dereva wa lori, dalili za kuzidiwa na joto. Mtu anayelalamika kichwa na kichefuchefu, jasho linamtoka, mweke kivulini, umpe maji. Akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura ya kufa na kupona: mmwagie maji mwili mzima papo hapo, mpepee, huku gari likiitwa. Kumpoza kuanze palepale bwawani. Usimpakie kwanza akiwa bado anaungua.

Na miguu. Maji ya mabwawa ya mwisho, pale chumvi inapoganda, yana chumvi mara nyingi kuliko bahari. Gambuti likitoboka tundu la sindano, maji yale huingia na kukaa humo siku nzima, na mkwaruzo mdogo wa asubuhi jioni ni kidonda. Meneja atasema ni mkwaruzo tu. Maji ya kifuu bahari ya chungu. Nilipokwenda na fomu ya kukagua vifaa, mama mmoja alinyanyua mguu akanionyesha, akaniuliza: "Mwanangu, ukishaliandika hilo tundu, utaniletea gambuti ama utaniletea karatasi nyingine?" Siku hiyohiyo tulianza utaratibu wa badilisha palepale: unaleta bovu, unapewa zima, bila saini ya msimamizi na bila kukatwa senti. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Nunua saizi za wanawake pia, maana gambuti kubwa humwangusha mtu kwenye matope. Miwani ya giza kwa wote walio bwawani, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye chumvi huumiza macho kuliko ule wa juu. Na maji baridi ya kuoshea miguu kila mwisho wa zamu; nasema maji baridi kwa maana yetu, yasiyo na chumvi.

Hatua ya tano: wape watu mdomo, na daftari

Kamati inayotakiwa na sheria ni ya lazima, lakini wajumbe wa wafanyakazi wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe. Nimeona kamati iliyoteuliwa na meneja. Ilikutana kila robo mwaka, ikanywa chai, na haikuwahi kuandika lalamiko hata moja.

Kila asubuhi, kabla ya zamu, dakika tano: leo tunafanya nini, nini kinaweza kutuumiza, jana nini kilitutisha. Yazungumzwe kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, si kusomewa karatasi ya Kiingereza. Mtu wa kundi aongoze, si afisa.

Halafu daftari la chupuchupu. Humo huandikwa yale yaliyokaribia kuwa ajali: trekta lililorudi nyuma likakosa mtu kwa hatua moja, gunia lililoporomoka pakiwa hapana mtu. Asiyejua kuandika aseme, mwenziwe amwandikie. Masharti ni mawili. Asiadhibiwe mtu kwa alichokiandika, na kila kilichoandikwa kijibiwe ndani ya wiki, hata kama jibu ni kwamba fedha zitapatikana mwezi ujao. Daftari lisilojibiwa hufa baada ya kurasa tatu.

Jihadhari na zawadi za "siku mia bila ajali". Nia yake ni njema, lakini nimeona mtu akificha kidole kilichovunjika ndani ya glavu kwa siku nne ili asiwanyime wenzake kuku wa sherehe.

Hatua ya sita: mkandarasi si ukuta wa kujificha

Kabla ya kutia saini, mkandarasi aonyeshe bima ya WIBA, orodha ya watu wake, na vyeti vya mafunzo vya madereva na wachomeleaji. Kazi za moto, za juu na za kuingia ndani ya matangi zifanywe kwa kibali cha siku hiyo, na anayekitoa aende kuona mahali penyewe kwanza. Watu wa mkandarasi wahudhurie zile dakika tano za asubuhi pamoja na wenu, wanywe maji yaleyale, wabadilishiwe magambuti kwa dirisha lilelile.

Hatua ya saba: mazingira ni majirani

Chumvi ya kula ikishaganda na kuvunwa, hubaki maji mazito, machungu, yenye magnesiamu nyingi. Yakimwagwa ovyo kwenye kijito, mikoko hukauka, na penye mikoko iliyokauka kaa na kamba hawazai. Kuta za mabwawa zikivuja kuelekea bara, visima vya watu hugeuka chumvi. Kwa hiyo weka mirija ya kupimia maji ya ardhini kati ya bwawa na kijiji, upime kiwango cha chumvi kila mwezi, na matokeo yabandikwe kwa chifu na msikitini, si ofisini kwako tu. Maji machungu yawe na bwawa lake. Kama mna leseni ya kuyamwaga, yatolewe kwa kipimo na kwa wakati wa maji kujaa, kama leseni inavyoelekeza. Mafuta machafu ya matrekta yawekwe kwenye mapipa yenye sakafu ya saruji na ukingo.

Wazee wa Magarini, eneo la mabwawa haya, wana kumbukumbu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu malalamiko ya wakazi dhidi ya kampuni za chumvi, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006: ardhi, mazingira na hali ya wafanyakazi. Lamu nako kuna funzo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76, na mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal) ikafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo. Ukiambiwa kwamba kuitisha baraza la kijiji ni kupoteza muda, taja tarakimu hizo.

Kwenye baraza, nenda na wavuvi na akina mama wa visima, si viongozi peke yao. Kalia mkeka kama wengine. Andika lalamiko mbele ya mlalamikaji, umpe nakala.

Hatua ya nane: ajali ikitokea

Kwanza mtu. Zima mashine, mpe huduma ya kwanza, mpeleke hospitali na mtu anayejua kilichotokea. Mwambie familia mapema, kwa mdomo wa mtu mwenye heshima, wasisikie njiani. Pili, funga mahali pale na upige picha kabla hapajasafishwa.

Tatu, muda wa sheria unaanza kuhesabiwa. Kifo kiripotiwe kwa DOSHS ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba. Jeraha linalomweka mtu nje ya kazi zaidi ya siku tatu liandikiwe taarifa ndani ya siku saba. Fomu za WIBA zijazwe wakati huohuo. Msaidie majeruhi azijaze, na umpe nakala, kwa sababu madai yana muda wa miezi 12.

Uchunguzi ufanywe na afisa, fundi na mjumbe wa wafanyakazi pamoja. Neno "uzembe" lisiruhusiwe kwenye sehemu ya sababu. Endeleeni kuuliza kwa nini mpaka mfike kwenye kitu kinachoweza kubadilishwa kwa spana, kwa fedha au kwa ratiba.

Hatua ya tisa: wakubwa wafike bwawani

Mara moja kila mwezi mtoe meneja mkuu ofisini saa saba mchana, avae gambuti na helmeti, mtembee pamoja hadi bwawa la mwisho, bila msafara. Mwache aulize mwenyewe. Turubai letu lenye magurudumu lilipatikana kwenye matembezi ya pili, baada ya barua zangu nne kukosa jibu.

Na kila kikao cha kamati kianze na daftari la chupuchupu: yale yaliyobaki bila kufungwa tangu robo iliyopita yasomwe kwa sauti, jina la aliyepewa kila kazi na tarehe aliyoahidi, kabla ajenda mpya haijafunguliwa.